Sharti la Ufunguo

Jumatatu, 7 Septemba 1981

Nimepewa siku tano. Tano tu!

Wazee wangu walikwenda jana kumposa Kabale, yule anayeuza maziwa ya ngamia pale sokoni. Leo Mzee Duba ametoa jibu. Huyu Duba ni baba mkubwa wa Kabale, ndiye aliyemlea. Anakaa Garbatulla, ila wiki hii yuko mjini kuuza madume yake ya ng'ombe. Amesema hana neno na ukoo wangu. Hana neno na swala zangu. Neno lake ni gari langu. Ati Isiolo nzima imechoka kulisukuma. Ati hata yeye mwenyewe, mwaka jana, akitoka msikitini na kanzu nyeupe, aliambiwa na mtu aliyekaa ndani, "Mzee, shika hapo nyuma kidogo."

Ni kweli. Sikuona uso. Nilikuwa nimekamata usukani.

Basi sharti lake ni hili. Jumamosi asubuhi nimpeleke nyumbani Garbatulla, na gari liwake kwa ufunguo, bila mkono wa binadamu kugusa nyuma. Likiwaka, tutakaa tuongee habari ya ndoa. Lisipowaka, Kabale atabaki na maziwa yake.

Gari lenyewe ni Landrova ya mwaka wa hamsini na nane. Nililinunua mnadani miaka mitatu iliyopita. Mji unaliita Sukuma. Stata yake, ile mota ya kuamshia injini, ilikufa kabla sijalijua. Kuna hendeli, kile chuma cha kuzungushia injini kwa mbele, lakini ilinipiga kiwiko mwezi wa nne tukakosana. Tangu hapo nategemea majirani. Majirani nao siku hizi wakiniona nashika ufunguo wanaingia ndani na kufunga mlango.

Nilimjibu Mzee Duba kwa heshima kwamba stata ni nzima kabisa, nilikuwa naipumzisha tu.

Kabale alikuwa karibu akiosha mikebe. Baadaye aliniita kando akaniambia nimwambie babake mkubwa ukweli. Ati ni mkali, lakini ana kicheko karibu. Nilicheka mimi. Ukweli! Na siku tano nzima ziko mkononi!

Ado naye alikuwepo. Ado anauza maji kwa mkokoteni wa punda, na humbebea Kabale mikebe ya maziwa kila asubuhi bila kuombwa. Alisikia kila kitu. Akamgeukia punda wake akamwambia kwa sauti, "Haya, twende." Punda akaondoka papo hapo. Alifanya makusudi yule. Wote wawili.

Saa kumi nimeifungua stata. Nimeitandaza yote kwenye mkeka wa shangazi yangu Nimo, ambaye naishi kwake. Springi mbili ziliruka. Moja imepatikana kwenye sukari.


Jumanne, 8 Septemba

Nimekwenda kwa Fundi Murithi. Ni Mmeru, fundi wa umeme wa magari, banda lake liko karibu na stendi ya malori. Mtu wa maneno machache. Huosha mikono kabla ya kushika stata, kama anayekwenda kula.

Ameitazama kwa muda mrefu sana. Halafu akanitazama mimi, muda uleule. Amesema magonjwa ni matatu. Kaboni, vile vipande vyeusi vinavyopitisha moto wa betri kwenye sehemu inayozunguka, vimelika vikabaki kama kucha. Bushi, zile pete za shaba ambazo ekseli huzungukia ndani yake, zimetanuka hadi ekseli inacheza ngoma. Na ile gia ndogo ya mbele haina meno matatu.

Nikauliza vipuri viko wapi. Akasema pengine Nanyuki, ila kwa hakika ni Nairobi, na hiyo ni wiki nzima. Nikamwomba basi anifanyie tu iwake mara moja, Jumamosi, saa mbili asubuhi. Akasema, "Stata haidanganyangwi, Molu. Inataka vitu yake."

Sikupenda ile sauti. Nikabeba vyuma vyangu nikaondoka.

Halafu, njiani, akili ikanijia! Kaboni ni kaboni. Ndani ya betri ya radio kuna kijiti cheusi, tulikuwa tunachezea tukiwa watoto. Kwa nini nisubiri Nairobi wakati Nairobi iko ndani ya radio ya shangazi?

Radio ilikuwa na betri nne. Nimezipasua zote. Nimekata vile vijiti, nikavipiga tupa, nikavisugua kwa msasa mpaka vikawa na umbo kamili. Nilikuwa mweusi mpaka masikioni. Muuza makaa aliyepita njiani alinisalimu kama mwenzake.

Saa sita na nusu nikaunga waya kwenye betri ya gari. Ikazunguka! Nusu mzunguko, lakini ikazunguka! Nilipiga ukelele mpaka mbuzi wa jirani wakavunja boma. Kisha moshi ukatoka, vijiti vikawa unga, na mimi nikaungua kidole gumba.

Saa saba kamili shangazi akafungua radio asikie habari. Kimya. Akaigonga. Kimya. Akaifungua nyuma. Akaniuliza betri ziko wapi. Nikasema labda ni panya. Akauliza ni panya gani huyo ana bisibisi.

Chakula cha jioni hakikuja upande wangu.


Jumatano, 9 Septemba

Mambo! Mambo makubwa!

Dereva mmoja wa lori amenidokezea kwamba Mzee Lotukoi, Mturkana mmoja anayekaa pembeni mwa mji, ana Landrova kama yangu. Haina magurudumu, haina viti, haina milango. Ameifanya nyumba ya kuku.

Nilifika kabla jua halijawa kali. Nikainua boneti. Stata iko! Iko mahali pake, nzima, imetulia tu. Na juu ya stata ameketi kuku mwekundu, anaatamia mayai. Akanitazama kwa jicho moja. Nikapeleka spana polepole. Akanidonoa kidole kilekile cha jana.

Mzee Lotukoi alikuwa kwenye kivuli akichonga rungu. Bila kuinua kichwa akaniambia, "Kuku kwanza. Gari nyuma." Ati kuku yule ana wiki mbili pale, na mpaka vifaranga vitoke hakuna kitu kitaguswa. Nikahesabu. Vifaranga ni wa wiki ijayo. Mimi ni wa Jumamosi.

Basi nikakohoa nikajinyoosha. Nikamwambia mimi ni afisa wa kuku. Nimetumwa kukagua kuku walioatamia juu ya chuma, kwa sababu chuma kikipata jua kinachemsha mayai, na mayai yakichemka taifa linapata hasara. Aliacha kuchonga. Alinisikiliza kwa makini, hata nikaanza kujipenda. Kisha akaniuliza, kama afisa, huyu kuku analalia mayai mangapi.

Nikasema kumi na mbili.

Akasema manane. Ati afisa angeangalia kwanza.

Nikabadilisha. Nikasema ukweli ni kwamba mimi ni daktari wa mifugo. Akaniambia ananijua, mimi ni Molu wa gari la Sukuma, amewahi kulisukuma mara mbili akielekea sokoni.

Nikamuuliza sasa anataka nini. Pesa hataki. Ana beberu mmoja mwenye nguvu za shetani anayeng'oa kila kigingi cha mti. Anataka kigingi cha chuma kirefu. Amesikia nina hendeli.

Nilimpa! Sikusita hata kidogo. Nilikimbia mpaka nyumbani nikarudi nayo mbio, kabla hajabadili nia. Mtu ambaye Jumamosi anawasha gari kwa ufunguo ana haja gani na hendeli? Tena ile iliyonipiga kiwiko! Nilifurahi kuiona ikigongwa ardhini. Beberu akafungwa pale akaanza kuitazama kwa chuki, kama nilivyokuwa naitazama mimi.

Halafu Mzee Lotukoi akachukua karai, akaweka nyasi, akanyanyua kuku na mayai yake yote pamoja kwa mikono miwili, akavihamishia mle. Dakika mbili! Kuku hata hakulia. Nikamuuliza mbona hakufanya hivyo tangu asubuhi. Akasema nilikuwa sijaomba. Nilikuwa nakagua tu.

Hayo si muhimu. Stata ninayo! Nimeilaza kando ya mto wangu.


Alhamisi, 10 Septemba

Nimerudi kwa Murithi na stata mbili, nikitembea kama mtu aliyeoa tayari. Hakuuliza maswali. Amezifungua zote mbili akazipanga kwenye gunia, yangu kushoto, ya kuku kulia. Alitoa manyoya kwanza.

Gia ndogo ya kulia, nzima. Kaboni za kulia, bado zina nyama. Bushi zote zimekwisha, za kulia na za kushoto. Hapo roho yangu ikashuka hadi kwenye viatu. Lakini Murithi akavuta debe lake la takataka, akachagua kipande cha shaba kutoka kwenye koki ya bomba ya zamani, akaanza kukitoboa na kukipiga tupa. Tupa, pima. Tupa, pima. Kuanzia saa mbili hadi saa sita! Nilimwambia inatosha. Akapima tena. Nikamwambia macho yangu yanaona imetosha. Akasema ekseli haina macho.

Zilipokwisha akazitumbukiza kwenye oili zinywe. Wakati zinakunywa, akafunga upya waya zilizoungua kwa utepe wa pamba na kuzipaka vanishi, aliyoomba kwa seremala wa jeneza. Nilitaka kusaidia. Nikapewa kazi ya kufukuza nzi.

Mwisho akachukua msasa laini akasafisha ile pete ya shaba ambayo kaboni husugua juu yake. Ikang'aa. Akaifuta kwa petroli, kisha kwa kitambaa kikavu. Akaninyooshea kidole. "Hapa ikiingia mafuta, umekwisha. Hata kidole usiweke. Umesikia, Molu?" Nikasema nimesikia. Akarudia. Nikasema nimesikia. Akarudia mara ya tatu, nikaona sasa ananifanya mtoto.

Saa tisa, stata ikiwa imeunganishwa tena, akaikanyaga kwa mguu isiruke, akagusisha waya kwenye betri. Iliimba! Iliimba sauti moja safi, haigugumii, haitoi moshi. Machozi yalinitoka. Nilimwambia Murithi ni harufu ya petroli.

Saa kumi imefungwa kwenye gari, lililoletwa bandani kwa kusukumwa. Nikakaa. Nikasema bismillahi. Nikazungusha ufunguo.

LIKAWAKA!

Kwa ufunguo! Mimi peke yangu, nimekaa, mguu mmoja nje ya mlango! Nikazima, nikawasha. Nikazima, nikawasha. Mara kumi na moja. Murithi akaniomba niende nyumbani.

Sikwenda nyumbani. Nilipitia kwa Ado. Alikuwa anateremsha madebe ya maji. Nikasimama mbele yake, nikazima, nikamsalimia salaam aleikum, nikawasha. Punda akashtuka, madebe mawili yakamwagika. Ado akaitikia salamu, akainama kuokota madebe. Nilikuwa nimetayarisha majibu manne na hakuna hata moja lililotumika.


Ijumaa, 11 Septemba

Siku njema. Baada ya swala ya Ijumaa shangazi amenisamehe habari ya radio. Nimemnunulia betri mpya. Amesema gari lililofufuka ni kama ndama aliyezaliwa, haliwezi kwenda safari bila kubarikiwa. Akaleta maziwa na kibuyu cha samli. Akanyunyiza maziwa kwenye boneti, akapaka samli juu ya taa mbili, kama tunavyompaka mtoto kwenye paji la uso, akaomba liende kwa amani na lirudi kwa amani. Nikaitika amina kila mara. Moyo wangu ulijaa.

Aliporudi ndani nikabaki nafikiri. Boneti ina shida gani? Haina. Taa zina shida gani? Moja haiwaki, lakini tutasafiri mchana. Aliyekuwa mgonjwa ni stata. Sasa ni haki kweli baraka ipewe mzima na mgonjwa anyimwe?

Nikaingia chini ya gari. Stata ina kimkanda cha bati kinachofunika vidirisha vya kaboni. Nikakilegeza. Nikatia kijiko kimoja cha samli. Kikaingia vizuri. Nikatia cha pili, kwa ajili ya barabara ya Garbatulla, ambayo ni mbaya.

Nilikumbuka Murithi alisema mafuta. Lakini mafuta ni oili, ni grisi, ni vitu vya makopo. Samli ni heshima. Na hakuitaja. Angekuwa na maana ya samli angesema samli.

Sikuwasha tena. Niliacha baraka itulie usiku kucha.

Jioni Kabale amepita kutoka sokoni. Ameniuliza kama ni kweli linawaka kwa ufunguo, maana mji wote unasema. Nikamwambia ni kweli. Akanitazama sana usoni, akaona si uongo, akacheka kicheko kirefu mpaka akaweka mikebe chini. Sijawahi kumfurahisha mtu hivyo kwa jambo la kweli. Nampenda huyu mwanamke. Nampenda mpaka naogopa.

Akauliza ni nini kinachonukia. Nikasema ni chakula.


Jumamosi, 12 Septemba, Garbatulla

Nianze mwanzo.

Saa kumi na mbili asubuhi nilizungusha ufunguo nijaribu. Ngrr. Tssss. Moshi. Basi! Nikajaribu tena. Tssss tu. Nikafungua kile kimkanda. Samli imeyeyuka, imeenea juu ya pete yote ya shaba, na unga wa kaboni umeshikana nayo ukawa uji mweusi. Kaboni zinateleza na hazishiki kitu. Nilifuta kwa shati. Ikawa mbaya zaidi, na sasa nikawa sina shati.

Nikakumbuka hendeli! Nikakimbia kwa Mzee Lotukoi kifua wazi. Mzee hayupo. Hendeli ipo, imezama ardhini hadi shingoni, na beberu amefungwa kwayo. Nilivuta. Beberu akadhani nimekuja kwa ugomvi. Sitaandika yaliyofuata.

Saa moja na nusu. Majirani wamefunga milango. Imebaki nusu saa. Nani ana nguvu ya kuvuta gari? Punda.

Nilikwenda kwa Ado. Nilimwomba. Akaweka mkono sikioni, ati upepo. Hapakuwa na upepo. Nikaomba tena. Akaniambia nigeukie barabarani ili punda naye asikie. Nikageuka nikaomba kwa sauti, na watu walikuwa wanapita. Akafunga kamba. Punda akavuta hatua kumi, nikaachia klachi, likawaka! Nikamkumbatia punda. Ado hata hakucheka. Alinipa shati lake la pili akaniambia nifunge vifungo vyote.

Na hapo, ndugu yangu shajara, nikapata akili ya mwisho. Kwa nini nilizime? Gari linalonguruma halihitaji kuwashwa!

Saa mbili kamili Mzee Duba akaja na fimbo yake, na Kabale nyuma na mikebe ya kupelekea ndugu. Nikamwambia mzee karibu, kwa heshima yake gari limeshaamka mapema. Akasema vizuri, sasa nizime niwashe, hayo ndiyo tuliyopatana.

Nikamwambia haiwezekani. Ni mila. Wazee wetu wa zamani walikataza kunyamazisha gari ambalo limeshaelekezwa safari.

Mzee Duba akafikiri. Akasema yeye ana miaka sabini na moja. Amekaa katika mabaraza ya ukoo tangu akiwa na meno yote. Hajawahi kusikia wazee wa zamani waliokuwa na gari. Nikasema ni wale wa Merti. Akasema yeye amezaliwa Merti.

Nikahamia kwenye petroli. Nilikuwa naeleza jinsi petroli inavyokasirika ikikatizwa, huku Kabale akipanga mikebe kiti cha mbele. Akamaliza kupanga. Akanyoosha mkono. Akazungusha ufunguo akazima.

Kimya! Nilisikia nzi akitua kwenye boneti.

Watu walikuwa wamekusanyika. Murithi na mkate wake. Ado na punda. Mzee Lotukoi, aliyekuja kuuliza nani amempiga beberu wake. Kabale akanipa ufunguo mkononi, taratibu, bila hasira. Nikazungusha. Tssss. Moshi mwembamba ukapanda kutoka chini ya boneti. Mzee Duba akainua pua, akavuta hewa, akaniuliza kama naanza kukaanga buna, kahawa yetu ya samli, ndani ya injini.

Mdomo ulikuwa wazi tayari. Nilikuwa na maneno manne ya uongo yamepanga foleni. Betri. Petroli chafu. Wivu wa Ado. Baridi, Isiolo, mwezi wa tisa. Nikamtazama Kabale. Alikuwa anangoja tu. Nikaona kwamba nikisema lolote kati ya hayo manne atachukua mikebe yake, na hatanigombeza, na hatarudi.

Nikasema, "Haliwaki, mzee. Halijawahi kuwaka kwa ufunguo tangu nilinunue. Juzi tu ndipo liliwaka, kazi ya Murithi. Jana nikaitia stata samli. Asubuhi limevutwa na punda wa Ado. Mila nimeitunga sasa hivi. Na mwaka jana, pale msikitini, ni mimi niliyekuambia ushike nyuma. Nisamehe."

Murithi ndiye wa kwanza kutoa sauti. Alirudia neno "samli" peke yake, polepole, kama mtu anayetaja marehemu.

Halafu Mzee Duba akacheka. Alicheka mpaka akakaa kwenye bampa. Alipofuta macho akasema stata anajua ilikufa zamani, Isiolo yote inajua, hata ng'ombe aliowauza wanajua. Alichotaka kujua ni kama mwenye stata anaweza kulisema hilo kwa kinywa chake. Amengoja siku tano na kuvuta moshi wa samli, lakini amelisikia.

Akasimama. Akaweka fimbo yake kwenye kiti. Akakunja kikoi. Akawaambia wote, "Haya, shikeni hapo nyuma kidogo."

Wakasukuma! Ado, Lotukoi, Kabale, na mzee mwenyewe katikati. Murithi alisukuma pia, ila alikataa kunitazama. Likawaka kabla ya kona. Nilikuwa nalia na kupiga honi kwa wakati mmoja. Safari nzima sikuzima, mpaka tumefika hapa Garbatulla.


Jumapili, 13 Septemba, Garbatulla

Wamekubali! Wazee wamekaa asubuhi nzima, buna ya kweli imekaangwa na kutafunwa, dua zimesomwa. Kabale ni wangu, inshallah, baada ya mvua. Mzee Duba atakuja Isiolo Ijumaa na wenzake tukubaliane habari ya ng'ombe wa mahari. Sharti jipya hakuna. Ila Kabale ana ombi moja. Anataka aishi na yule mtu aliyesema Jumamosi, si yule wa Jumatatu. Nimemwambia yule wa Jumatatu amezikwa. Nilimaanisha kila neno.

Gari nimeliegesha kwenye mteremko.


Jumanne, 15 Septemba, Isiolo

Nimerudi salama. Nimesukumwa mara tatu, mara moja na wachunga ngamia wa Sericho ambao hata hawakuwa wanaelekea huku. Murithi amekubali kuiosha stata kwa petroli, kwa sharti kwamba nikae upande wa pili wa barabara mpaka amalize.

Njia nzima nilikuwa nafikiri. Na nimegundua jambo kubwa ambalo sijui kwa nini hakuna mtu aliyewahi kuniambia. Ukweli unafanya kazi! Maisha yangu yote nimehangaika na uongo, unatunga, unakumbuka, unatengeneza, unatoa jasho, halafu unashikwa. Kumbe ukweli unausema mara moja tu, na mzee wa miaka sabini na moja anakunja kikoi na kukusukuma! Hiyo ni mashine! Na mimi nilikuwa nayo mdomoni muda wote, sijaitumia.

Sasa nitaitumia. Ijumaa Mzee Duba akija kuuliza habari ya ng'ombe, sitatunga kitu. Nitasimama vilevile kama Jumamosi. Nitalegeza mabega. Nitamtazama Kabale kidogo. Halafu nitasema ukweli mtupu: kwamba mimi ni maskini, sina hata ng'ombe mmoja.

Ninao saba. Wako kwa dada yangu kule Biliqo, nani atawaona? Nimeshampelekea ujumbe awasogeze nyuma ya kilima kwa siku chache.

Leo nimefanya mazoezi mbele ya kioo. Mabega yanalegea vizuri sana. Sauti inatetemeka pale inapotakiwa. Machozi tu ndiyo bado, lakini Ijumaa iko mbali.